Mchicha wa Kwenye Nondo

Nyuma ya nyumba yetu hapa Mikumi, mafundi wa malori walipasua betri chakavu kwa miaka mingi na kumwaga vilivyomo. Kwa hiyo wataalamu walipokuja kutuambia udongo wetu umejaa madini ya risasi, sikushangaa. Kilichonishangaza ni dawa yake: umeme.

Walichimbia nondo mistari miwili, wakaunganisha nyaya na paneli za sola, wakazungushia utepe mwekundu. Siku ya semina tulikula sambusa, tukanywa soda, tukatazama michoro ya mishale ukutani kwa saa tatu nzima. Niliambulia kwamba umeme unaihamisha risasi, na kwamba udongo lazima umwagiwe maji kila siku. Inahamia wapi, sikuuliza. Nilipiga makofi kama mtu aliyeelewa, nikasaini mahudhurio.

Mama yangu hakualikwa. Semina ilikuwa ya wadau, na yeye ni mkulima tu aliyetoka Zombo kuja kuishi nasi. Aliona kiangazi kimekaza, bustani yake imekauka, na watu wazima na akili zao wanamwagilia udongo mtupu. Utepe alijua ni wa kuzuia ng'ombe, maana kwetu kila uzio ni wa ng'ombe. Akapanda mchicha kwenye nondo za mstari wa pili, palipolowa zaidi. Ulistawi ajabu, na binti yangu wa miaka miwili aliula karibu kila siku. Wataalamu waliuona. Waliuruka kwa adabu wasiukanyage, wakaenda kusoma mashine zao. Mboga haikuwemo kwenye fomu.

Kazi ilipoisha, mama akasema wageni hawaondoki kwake na njaa. Akapika wali, kuku na mchicha wa karanga. Kiongozi wao alikuwa ameshanawa.

"Mama, mboga hii umeitoa wapi?"

"Hapo hapo kwenye nondo zenu, mwanangu."

Akasogeza sahani, na wenzake wakasogeza zao. Kisha, kwa dakika moja na kwa Kiswahili safi, akaeleza kile ambacho semina ilishindwa kukieleza: sumu yote inakusanyika pale, mchicha unainyonya, na inaumiza watoto kuliko watu wazima.

"Na mlikuwa mnapita pale kila siku," mama akasema.

"Tulidhani mmeambiwa."

Mama akanigeukia mimi, mdau. Nilikuwa na hasira nao, na aibu iliyozidi hasira. Binti yangu alikuwa mkekani, mdomo umejaa. Nikamtia kidole kinywani kulitoa tonge, akalia kwa uchungu, akidhani namnyima chakula.