Neno la Kumfikisha Baba

Wiki jana nilikuwa nasahihisha madaftari nikakuta mtoto ameandika, "My father will come, inshallah." Kalamu nyekundu ikasimama hewani, na pua yangu ikajaa harufu ya chaki na ya vumbi lililoguswa na mvua.

Mchana mmoja nilipokuwa bado mtoto wa shule, mwalimu wetu, mwanamke mpole kutoka Meru, alikuwa akitufundisha kitenzi cha Kiingereza come, ambacho jana yake ni came lakini kesho yake hubaki come. Baba yangu alikuwa njiani kutoka Merti na lori la mbuzi. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "My father will come today, inshallah."

"Toa hiyo inshallah, mtoto wangu," akasema. "Kwa mtihani hawaitaki. Sema tena."

Nyumbani kwetu, mtaa wa Kiwanjani, nyanya hakuruhusu mtu aitaje kesho bila neno hilo. Lakini nilisema tena, bila hilo neno, na darasa likanipigia makofi. Juu yetu mabati yakaanza kulia kwa mvua.

Baba hakufika siku hiyo. Nililala nikijua ni mimi niliyemzuia, na sikumwambia mtu. Alipofika siku ya tatu, akinuka mbuzi na matope, nililia mpaka akashangaa.

Sasa najua lori lilikwama kwa sababu ya mvua ileile. Najua kabisa. Hata hivyo, kwenye daftari la yule mtoto nililikata neno lile kwa wino mwekundu, kama inavyotakiwa, kisha nikalitamka mwenyewe polepole, kwa ajili ya baba yake.