Mama Béa ameitika sauti ya kituoni

Jamani, leo sauti ya zamani imeita jina, na mtu akaitika.

Tulikuwa ofisini Kikula, mimi na Patrick, tunapanga upya tovuti ya chama chetu. Tunatafuta watu waliopotezana miaka ya tisini, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa mkoani kwetu na kulala kwenye kituo cha treni hapa Likasi.

Katika tovuti kuna sauti iliyorekodiwa pale kituoni. Kelele za watu, kisha mama mmoja anamwita mtoto wake.

Patrick akasema, "Hii tutoe. Iko murefu, na hakuna mwenye anaisikiliza."

Nikamwomba tuisikilize mara ya mwisho. Akaongeza sauti.

"Ngalula! Ngalula wanyi!" Ngalula wangu, kwa lugha ya Kasai.

Huko nje, mtu akaitika kwa lugha hiyohiyo: "Mamu!" Yaani, mama.

Nikageukia mlangoni.

Akaingia Mama Béa, anayeuza maandazi mlangoni petu. Tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. La kwake hatukuwahi kuuliza.

Mikono ilikuwa na unga. Akaangalia kila kona.

"Mama yangu iko wapi?"

Patrick alionyesha kompyuta tu. Mama wa kwenye rekodi akaita tena, treni ikapiga honi, kisha kimya.

Mama Béa akainama, akasema kwa sauti ndogo, kama ya mtoto:

"Mamu, nilienda kuchota maji. Miye huyu, nimerudi."

Rekodi ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyethubutu kuifunga kompyuta.

Ninyi mngemwambia nini?