Fulana za Harusi na Jicho la Mama Mwenye Nyumba

Mtanisamehe mwandiko. Mimi herufi siziandiki, nazichora, ndiyo maana ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo pale ambapo neno litakuwa limekosa herufi, msomaji aiweke mwenyewe bila kuninunia. Ninachotaka kusimulia ni habari ya fulana, na fulana nazijua kuliko herufi.

Baada ya darasa la saba nilipata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi, fani ya kuchora mabango. Ilikuwa wakati ule biashara imefunguliwa, na kila nyumba ya Kariakoo yenye dirisha linalotazama barabara iligeuka duka, na kila duka lilitaka bango. Mwalimu wetu alituambia hatutakosa kazi mpaka tuzeeke. Hakutuambia kwamba ili upate kazi ya bango lazima uingie dukani, umtazame mwenye duka usoni, utaje bei. Hapo ndipo nilipokwama. Mimi nilikuwa mtu wa aibu. Nikiulizwa jina nilitazama viatu vyangu, na siku nikivaa kandambili nilitazama vidole.

Ndipo nikaingia kwenye kuchapa fulana. Fulana ina faida moja: unaweza kuifanyia kazi umejificha chumbani, ikatoka yenyewe kwenda kuonekana na watu. Nilitengeneza fremu ya mbao, nikaikaza kwa kitambaa chepesi cha pazia. Picha niliikata kwa wembe kwenye filamu ya eksirei iliyotupwa, yenye mbavu za mtu nisiyemjua. Nilitandika fulana mezani, juu yake ile filamu, juu yake fremu, nikamwaga rangi na kuisukuma kwa mpira wa dirisha la gari niliopewa na mafundi wa Buguruni. Ukiinua fremu, picha imeshakaa. Mtaji wa kuweka fulana ndani sikuwa nao. Mteja alileta ya kwake, akasema anataka nini, nikamchapia hiyo hiyo moja. Asipokuja mtu, nililala.

Aliyezungumza na wateja alikuwa rafiki yangu wa chuoni, fani ya uashi, tuliyepanga naye chumba kimoja. Huyo mdomo wake ulitutosha wote wawili.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?" wateja walimuuliza.

"Yuko ndani anawaza," alijibu. "Wasanii ndivyo walivyo."

Nilikuwa chini ya kitanda natafuta wembe.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyekaanga vitumbua barazani kila asubuhi. Alikuwa mnene, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili, na sisi alituita "wanachuo" kama mtu anayetaja ugonjwa wa kuku. Ua ulikuwa wake, kamba ya kuanikia ilikuwa yake, na pasi ya mkaa niliyotumia kukaushia rangi ilikuwa yake. Siku moja fulana yenye rangi mbichi iliangukia shuka lake jeupe, shuka likabaki na mchezaji mpira. Aliliinua mbele ya wapangaji wote.

"Mwanachuo! Huyu mwanamume anafanya nini kitandani kwangu?"

Wapangaji wakaangua kicheko. Mimi nikatazama vidole.

"Sikiliza," akasema. "Nakupa nafasi moja. Nikisikia tena neno baya juu ya kazi yako, fremu zako zinalala barabarani, na wewe unazifuata."

Chumba kingine cha bei ile, chenye ua na kamba, mjini hakikuwepo. Nikifukuzwa pale, fulana zingekwisha, na ningelazimika kuingia madukani kutafuta mabango na kusema bei. Wazo hilo tu lilinitoa jasho.

Hapo nieleze kitu kuhusu nyuso. Tukiwa bado chuoni, tumeshapanga kwa yule mama, mwalimu alitupa zoezi: kachoreni uso wa mtu mnayemwona kila siku. Wenzangu walichorana. Mimi sikuweza kumkazia mtu macho, isipokuwa mmoja. Mama mwenye nyumba alipokaanga vitumbua hakuinua kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye chuma cha vitumbua, mkono ukigeuza, na jicho la kushoto kalifinya kwa ajili ya moshi. Dirisha langu lilikuwa ubavuni pake. Nilimchora asubuhi hata asubuhi, mpaka mkono ukamjua wenyewe. Lakini mkono ule ulimjua yeye tu. Baadaye nikichora mchezaji mpira, mwanamuziki au simba, wateja waliitazama fulana na kuuliza, "Mbona kama kuna kitu kimemwingia jichoni?" Rafiki yangu aliwajibu kwamba huo ndio mtindo wa sasa.

Ndipo ikaja harusi. Mtaa wa nyuma yetu binti mmoja alikuwa anaolewa, na somo yake, yule mama anayemfunda mwali, akaja kwetu mwenyewe. Ikanibidi nitoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inua uso, sijaja kukuposa." Akakaa. "Nataka sare. Kanga zimechosha, harusi ya mwezi uliopita wote kanga. Mimi nataka fulana, mgongoni picha ya bibi harusi. Fulana ninazo, nimechukua dukani kwa Mangi."

Niliuliza kama naweza kumwona bibi harusi. Kwa kweli sikuuliza, rafiki yangu ndiye aliyeuliza.

"Mwali amewekwa ndani, mtamwona vipi nyie wanaume? Hata jua halimwoni." Akafungua pindo la kanga, akatoa picha ndogo ya pasipoti. Ilikuwa ya binti alipokuwa shuleni, imefifia, na muhuri umepita juu ya pua. "Fanyeni na hii."

Rafiki yangu aliigeuza kwenye mwanga. "Mama, hapa naona sikio tu."

"Basi sikio si mnalo? Mengine jazeni. Mtoto ni mzuri. Ukijaza uzuri huwezi kukosea." Akasimama. "Na sare ni siri. Upande wa bwana wakiijua kabla ya siku, nitajua imetoka kwenu. Asiione mtu. Hata huyo mwenye nyumba wenu, maana yule akiona yeye, Kariakoo yote imeona."

Kila aliyewahi kuchangia harusi Dar anajua sare inavyofichwa. Kwa hiyo sikuanika uani. Nilifunga kamba chumbani, ukuta hadi ukuta, tukawa tunatembea tumeinama. Nilijaza uzuri. Niliweka hina, vipini, maua ya kichwani. Uso nao ukaja wenyewe, wala sikuutafuta, na nilipoumaliza nilifurahi kwa jinsi ulivyotulia mkononi.

Somo alipokuja kuchukua mzigo alikunjua fulana moja, akaitazama kwa muda.

"Mh," alisema. "Amekua."

"Harusi inakuza," akasema rafiki yangu haraka.

"Kweli. Na kunenepa amenenepa, mimi ndiye ninayemlisha." Akaikunja, akaenda zake ameridhika.

Siku ya harusi akina mama walifuatana kwa miguu na matarumbeta kutoka mtaani, kupitia Mnazi Mmoja, kwenda ukumbini. Sisi tulifuata kando. Mama mwenye nyumba alikuwa mwalikwa, jirani asiye na sare, kwa hiyo alitembea nyuma kabisa na gauni lake la zambarau. Mbele yake kulikuwa na migongo ya wanawake, safu kwa safu, na kila mgongo una uso.

Nilimwona anapunguza mwendo. Alisogelea mgongo mmoja, akausoma. Akahamia wa pili. Kisha akafinya jicho la kushoto, kwa sababu ya jua, na rafiki yangu akanishika mkono kwa nguvu.

"Ndugu yangu," akaninong'oneza. "Umemuoza mama mwenye nyumba."

Nilitaka kukimbia, lakini tulikwisha fika Mnazi Mmoja na watu walikuwa wamejaa. Vyama vingi ndiyo kwanza vimeingia, na viwanja vile havikukosa mkutano. Watu walizoea kwamba wakiona sura moja kwenye fulana nyingi, nyuma ya sura hiyo kuna mtu anaomba kura. Wauza kahawa walisimama. Kijana mmoja mwenye beseni la miwani akapiga kelele:

"Huyu anagombea wapi?"

"Chama gani hicho chenye tarumbeta?"

"Wee, mgombea mwenyewe si huyo nyuma, wa zambarau! Mwone jicho!"

Wakaanza kupiga makofi. Mama mwenye nyumba alisimama. Nilisubiri anitafute kwa ile sauti ya mtaa wa pili. Badala yake mzee mmoja alimsogelea kwa heshima.

"Mama, sisi wa mtaa wa Gerezani bomba halitoi maji. Utatusaidiaje?"

Alimtazama mzee. Akaitazama ile migongo inayokwenda zake. Akaweka vizuri mtandio.

"Kwanza mlikwenda kulalamika?" akauliza.

"Tulikwenda."

"Mlikwenda na ndoo?"

"Ndoo ya nini, mama?"

"Sasa ofisa ataonaje kama hamna maji? Nendeni wote na ndoo tupu, kaeni mlangoni kwake mpaka azionee haya. Mtu hafanyi kazi mpaka aone ndoo tupu, mimi najua, nina wapangaji."

Makofi yakazidi. Akaulizwa habari ya taka, akajibu. Akaulizwa habari ya mgambo wanaowafukuza wauza miwani, akajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Matarumbeta yalikuwa yameshavuka barabara alipokumbuka kwamba anakwenda harusini.

Mlangoni mwa ukumbi somo alinikamata. Bibi harusi alikuwa ameshafunuliwa ushungi, ameona migongo ya shangazi zake, na amecheka mpaka wanja umemtiririka na kazi ya kumpamba imeanza upya.

"Nimekupa picha ya mwanangu," somo alinguruma, "umenitolea muuza vitumbua!"

Nilitazama viatu. Vilikuwa vya kuazima. Nyuma yangu nikasikia pumzi ya mtu aliyetembea haraka.

"Muuza vitumbua ana nini?" aliuliza mama mwenye nyumba.

"Shoga, sina maana mbaya, lakini harusi ni ya mwanangu!"

"Na mwanao analalamika?"

"Anacheka!"

"Basi. Bibi harusi gani mwingine mwaka huu umemwona anacheka? Wote wananuna kama wamedaiwa kodi." Akanigeukia. "Wewe mwanachuo, kesho asubuhi barazani."

Somo akaitwa ndani maana chakula kilikuwa kimeanza kugombewa. Sikula pilau ile. Nilirudi chumbani, nikafunga fremu zangu kwa kamba, tayari kwa barabara.

Asubuhi nilitoka nazo mkononi. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshawasha jiko. Kwenye kiti chake kulikuwa na fulana moja ya harusi, sijui ameipataje, ameikunja vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo mbao unapeleka wapi?"

"Barabarani, mama."

"Nani amekwambia?"

"Wewe, mama. Kama litasikika neno baya."

Akageuza kitumbua. "Mimi nimesikia makofi." Akaikunjua ile fulana. "Hili jicho. Ndivyo lilivyo?"

"Ni moshi, mama."

"Tangu umepanga hapa hujawahi kunitazama hata mara moja. Kodi unaniwekea dirishani kama unamlisha paka. Kumbe ulikuwa unanitazama."

Nilitazama chini, akanigonga bega kwa kijiti cha kugeuzia, kikaacha mafuta ambayo hayakutoka.

"Tazama juu. Fremu rudisha uani. Lakini kuanzia leo unakaa hapa karibu na jiko, kila mnunuzi anayekuja unamchora, na unamtazama. Na oda unachukua mwenyewe. Yule mwashi wako akafundishwe kujenga."

Nikakaa. Asubuhi ya kwanza nilimchora mkono mtu aliyekuja kuchukua vitumbua, maana juu ya mkono sikuthubutu. Siku zilizofuata nikapanda taratibu, bega, kidevu, mpaka nikafika machoni. Watu hawakunifanya kitu. Wengi walifurahi, wakauliza wakija na fulana itakuwa kiasi gani, na bei ikatoka kinywani mwangu, mwanzoni kwa sauti ya mbu. Mtaani walishaanza kumwita mama "Mheshimiwa", na alisema hapendi, lakini asiyemwita hivyo alipewa vitumbua vilivyoungua.

Moshi ule sasa ulinipuliza mimi. Niliwachora wateja wangu nimefinya jicho, la kushoto vilevile.

Nyuso zangu siku hizi zinatofautiana, hata wateja wanasema. Lakini zile za mwanzo zilitoka nyingi kabla ya harusi, na sijui zilifika wapi. Kwa hiyo naomba: kama una fulana ya zamani ya Kariakoo yenye mchezaji, mwimbaji au simba aliyefinya jicho la kushoto, usiigeuze dekio. Niandikie uniambie nani alikuwa kwenye fulana hiyo na ulimdhania nani. Andika hata kwa mwandiko mbaya, nitausoma. Mheshimiwa amezeeka, bado anakaanga, na kila jioni ananiuliza kama kuna barua.