Chuma cha Kinamasi

Nilikuwa bado mtoto tulipopanga nyumba Smithfield, huku ughaibuni, nyuma ya maghala, karibu na mfereji uliojaa matete. Zamani pale palikuwa kinamasi. Wazungu walileta mashine ya kuvuta maji ili walime, kisha wakaitelekeza, ikazama, ikasahaulika. Kilichobaki juu ya tope ni gurudumu la chuma na kipande cha bomba.

Koko, bibi yangu mzaa mama, alipoviona alinishika mkono. Kwao Fizi, kando ya ziwa, wanaokausha kinamasi huzika jembe kuukuu mdomoni mwa mfereji. Jembe hilo hufunga maji. Anayeling'oa huyaita yarudi.

"Hili ndilo jembe lao," alisema. "Msiliguse."

Mjomba Amani, kitinda mimba wake, alicheka. Kazi ghalani ilikuwa imepungua, naye alikuwa akiokota vyuma vya kuuza.

"Mama, hii ni skrepa tu."

"Hata jembe ni chuma, Amani."

"Basi maji yakirudi nitaogelea."

"Wewe? Ziwani ulikuwa unalia ukioshwa miguu."

Tulicheka sote, hata yeye. Jumamosi alikuja na rafiki yake mwenye lori, wakaling'oa gurudumu kwa mnyororo. Koko hakutoka nje kutazama.

Mwaka uleule mvua ilinyesha mfululizo hadi mfereji ukapanda barabarani. Mjomba alikwenda kuliondoa gari lake alilokuwa ameliegesha bondeni. Maji yakalibeba gari pamoja naye.

Msibani ndipo maneno yalipoanza. Mama mmoja wa kanisani alinong'ona, "Mama yake alijuaje? Anayejua ndiye anayefanya." Wageni wakaacha kula alichopika Koko. Baadaye hata mama yangu, binti yake mwenyewe, akaacha kumpa Koko mdogo wangu mchanga ambebe. Koko alikaa chumbani, akakataa chakula. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kushinda naye, niliacha shule nikabaki nyumbani, nikimlisha uji hadi alipofariki.

Jirani yetu mzee alituambia mfereji ule hufurika kila ijapo mvua kubwa, mashine iwepo isiwepo. Huenda ni kweli. Mimi siwazi sana habari za chuma. Namwaza mama aliyemwonya mwanawe kwa kuwa alimpenda, akazikwa akiitwa mchawi.

Tangu hapo, nikiona hatari ulimi wangu huwa mzito. Najilazimisha kusema, kisha naangalia nani ananitazama.