Nimo na Kengele ya Ngamia

Mwulize Hinda habari za vita vile vya serikali na waasi, naye atakusimulia habari za bintiye. Usimkatize, hapendi.

Nimo alikuwa na miaka mitano mwaka ule serikali ilipowasomba watu na kuwarundika katika kambi yenye ua wa miba nje ya Garissa. Kabla ya hapo, siku za hatari, wafugaji waliziba kengele ya ngamia kwa nyasi isilie. Jioni moja Nimo, aliyeupenda mlio wake kupita kiasi, alizichomoa nyasi. Alfajiri askari wakaingia bomani.

"Umewaita wewe!" shangazi yake Rukiyo alimfokea.

Kwa akili ya miaka mitano, kilichotangulia ndicho kilicholeta kilichofuata. Huko kambini Nimo akakataa maziwa, akakataa kusema. Hinda alibembeleza, akaapa, akalia. Wapi! Mtoto alizidi kukonda, na mama akaanza kuogopa kwamba atamzika.

Hinda alichuuza maziwa ya ngamia wao mmoja aliyesalia. Asubuhi moja akambeba Nimo mgongoni, wakapita kibanda kwa kibanda. Walipofika kwa Bare, mshona viatu kutoka Kotile, Nimo akafungua mdomo, akamwita ami.

"Adeer, ngamia wako alikuwa na kengele?"

Hinda nusura aangushe kibuyu.

"Ngamia?" Bare akacheka. "Mimi hata kuku sikuwa naye."

"Na askari walikuja?"

"Walikuja, nikiwa na kiatu mguu mmoja."

Nimo akataka apelekwe kibanda kingine, cha jirani Dubow, na kingine tena, akiuliza yaleyale. Hakuna aliyemfundisha, Hinda husisitiza hapo. Maziwa yalichacha siku hiyo na wala hakujali.

Jioni Nimo akasimama mbele ya shangazi yake. "Eedo, Bare hakuwa na kengele. Dubow hakuwa nayo. Askari wakaja. Si mimi." Akachukua kikombe, akanywa hadi tone la mwisho. "Sasa niambie, walikuja kwa nini?"

Rukiyo, asiyekosa jibu, akainama kuchochea moto.

Hinda akapiga vigelegele, kambi nzima ikasikia. Na safari hii, kweli kabisa, askari akaja kwa sababu ya kelele. Alitoka langoni mbio, bunduki mkononi.

"Kuna nini hapa?"

Hinda akamtazama usoni bila kupepesa macho, akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mtoto yangu amekunywa maziwa."