Pampu ya Samaki na Mkono wa Santuri

"Jirani, nikuulize bila ubaya," aliniambia mama mshonaji wa ghorofa ya chini siku tuliyokutana kwenye ngazi. "Hao samaki mnaowafuga huko juu, mbona sijawaona hata siku moja mkiwabadilishia maji?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Samaki hatuna. Tuna pampu ya samaki, ile ndogo ya kupuliza hewa kwenye tangi la kioo, nayo inakoroma kwetu kila alasiri. Samaki wenyewe ni mume wangu.

Mume wangu ni fundi friji. Kwa miaka thelathini ameinama nyuma ya friji za watu, na wenzake kazini wanamwita Baridi. Jina limemkosea, maana hana ubaridi hata wa dawa. Mpe kitu kizima, atakifungua ajue kwa nini ni kizima. Pasi yangu aliifungua kwa sababu hiyo, na tangu siku hiyo ina akili zake.

Mambo ya santuri yalianza na simu ya wifi yangu, dada yake mkubwa. Mama yao, mama mkwe wangu, aliimba kwaya ujanani, na kwaya yao ilitoa sahani moja tu ya santuri. Nakala pekee iliyobaki ni hii tuliyo nayo sisi. Wimbo wa mwisho, ubeti wa mwisho, mama mkwe anaimba peke yake. Lakini ubeti huo uko ndani kabisa, karibu na tundu la katikati, na kila mashine tuliyoijaribu ilipofika hapo ilikwaruza, ukamsikia marehemu kama mtu anayeimba na kiazi cha moto mdomoni.

"Daktari kasema masikio yangu yanafunga," wifi alisema kwenye simu. "Mwakani huenda nisisikie kitu. Nataka nimsikie mama mara moja, vizuri. Mara moja tu."

"Dada, njoo baada ya miezi miwili," mume wangu akamjibu, kama anayeahidi kubadilisha taa.

Alinieleza kwa vifuniko viwili vya sufuria. Mkono wa santuri wa kawaida, ule unaobeba sindano, umefungwa upande mmoja, kama mlango kwenye bawaba, kwa hiyo unapita kwa kupinda. Ukifika katikati, sindano imeshakaa upande. "Ile sindano iliyoichora sahani hii kiwandani ilikwenda moja kwa moja, kama droo," alisema. "Basi na yangu iende kama droo. Na isiguse kitu. Ielee juu ya hewa."

"Ielee?"

"Ielee, mke wangu!" Macho yalimwaka kama mtoto aliyeona keki.

Akachukua bomba la shaba la friji, akalitoboa vitundu vidogo kuliko tundu la sindano ya kushonea. Juu yake akavisha bomba jingine fupi, na hilo fupi ndilo lililobeba mkono wenye sindano. Ukipuliza hewa, inatoka kwenye vitundu, bomba la juu linanyanyuka unene wa karatasi, linateleza bila kugusa chochote. Ndivyo ilivyotakiwa. Siku ya kwanza alipuliza kwa mashine ya friji. Jamani! Mkono ulichomoka ukaruka sebule nzima ukaipiga picha yetu ya harusi, upande wangu.

"Umenilenga," nikamwambia.

"Umekwepa vizuri," akasema, huku akiutafuta chini ya kochi.

Ndipo ikaja pampu ya samaki. Nguvu ilitosha, ila ilipumua kwa kwikwi, na mkono nao ukawa na kwikwi. Akapitisha hewa kwanza kwenye dumu tupu la lita ishirini, kwikwi zikaishia humo. Pampu tukaifunika blanketi chooni, na mgeni akienda haja lazima aambiwe kwanza, asije akapiga kelele. Nyaya za sindano zilikuwa ngumu, zinauvuta mkono nyuma. Akaweka nyingine nyembamba kama nywele, alizozitoa kwenye spika za masikioni. Mkono akaukata, akaupima, akaukata tena. Kwa uzito wa nyuma akafunga nati, ikawa nzito. Akaweka kifungo cha gauni langu la kanisani, ikawa sawasawa. Gauni mpaka leo linafungwa kwa pini.

Ikabaki kunyoosha meza. Kitu kinachoelea kinajua mteremko kuliko maji. Mume wangu alipiga magoti na pimamaji lake, akachomeka vipande vya karatasi chini ya miguu ya meza, kimoja kimoja. Halafu aliwasha pampu na kuuacha mkono hewani, sindano ikiwa juu, kuona kama utatulia pale ulipoachwa. Mimi nilikaa kwenye kiti changu pembeni ya meza, nafuma, naomba kimoyomoyo: Bwana, utulize mkono huu kama ulivyotuliza mengine. Wiki tatu za alasiri. Siku moja ukatulia kabisa.

"Umetulia!" akapiga kelele. "Endelea kuomba, usiache!"

Tukacheza muziki mle sebuleni, watu wazima wenye wajukuu. Mama mshonaji akagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Jumamosi wifi akaja na basi la asubuhi. La kurudi lilikuwa la saa kumi. Nikamvua mtandio, nikamketisha kwenye kochi, nikakimbilia chai. Baridi akaisafisha sahani kwa brashi laini, akawasha pampu, akausogeza mkono mahali pake. Nikamsikia akisema, "Hapana. Hapana, hapana."

Nilipotoka jikoni na sinia, mkono ulikuwa unateleza wenyewe kwenda pembeni, taratibu, kama mtu anayetoroka ibada. Heri sindano ilikuwa bado juu. Ingekuwa imeshuka, ingemkata marehemu toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

"Jana ulitulia!" mume wangu alisema. Jasho lilimtoka. "Kupanga karatasi upya ni siku tatu!"

Wifi alitazama saa ya ukutani. Nami nikaweka sinia, nikaketi kitini kwangu nianze kuomba.

Mkono ukasimama.

Mume wangu akautazama mkono. Akanitazama mimi. "Simama," akasema. Nikasimama, ukateleza. "Kaa." Nikakaa, ukatulia. Akatupa macho kwenye mbao za sakafu, zile za zamani zinazobonyea ukikanyaga, na nikaona anaanza kutikisika mabega.

"Nimeinyoosha meza wiki tatu," alisema kwa shida, "na wewe ukiwa umekaa!"

Wifi akapiga makofi. "Yaani mama yangu amemsubiri wifi yangu akalishe makalio?"

"Na mimi nikadhani ni maombi," nikasema, machozi ya kicheko yakinitoka. Lakini bado nadhani. Mungu hujibu kwa kilicho karibu, na siku zile kilichokuwa karibu ni kilo zangu themanini na nne.

Tulipomaliza kucheka, mume wangu alishusha sindano. Sikupumua sana. Mkono ulikwenda moja kwa moja kama droo, wimbo kwa wimbo, mpaka ndani kabisa, na mama mkwe akaimba ubeti wake peke yake, bila kiazi, kila neno limekaa mahali pake. Wifi aliinamisha sikio lake lenye nafuu kuelekea kwenye spika, midomo ikifuata maneno.

Sahani ikaisha. Chai ilikuwa imeshapoa, nikashika mikono ya kiti niende kuipasha. Mume wangu, mkono wake bado uko kwenye sindano, akaniambia bila kugeuka:

"Mke wangu, usiinuke bado. Dada anataka tena."