Kabati la Upande wa Kichwani

Walimwita Futi, kwa sababu hata harusini alikwenda na futi kamba mfukoni. Kazi yake ilikuwa kupanga vyumba vya mashine hospitalini, na safari hii kilikuwa chumba cha kupitisha mrija kwenye mishipa hadi moyoni. Kabla mafundi hawajachimba mifereji ya nyaya, alibandika utepe sakafuni kuonyesha kitanda, mashine ya picha, skrini na kabati la mtandao. Kabati aliliweka upande wa kichwani mwa mgonjwa, nyaya ziwe fupi na zisikatize njia ya mtu. Aliupenda mchoro huo.

Shemeji yake, muuguzi wa chumba hicho, aliuzunguka utepe akiguna.

"Shem, moyo ukisimama, mtu wa kumpa mgonjwa pumzi atakaa wapi? Juu ya kabati?"

"Atajibana kidogo."

"Haya, lala wewe. Jifanye umezimia."

Futi akalala kwenye vumbi na shati lake jeupe. Mafundi wakacheka. Shemeji akasimamisha boksi tupu mahali pa kabati, akajaribu kumfikia kinywani. Mkono uliishia kwenye paji la uso.

"Basi umekufa. Nimpigie dada nimpe pole?"

Futi akainuka, akabandua utepe wa kabati na kuubandika upya nje, katika chumba cha jirani cha kuongozea mashine. Sasa nyaya zingezunguka ukuta mzima. Akawaambia mafundi wachimbe mfereji mrefu.